Mgeni Katika Nasaba ya Kuku

Kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja, na kujua idadi yake ni jambo jingine. Mtu aweza kuamini kwamba darini mwake mna panya kwa kuwa amesikia mikwaruzo usiku. Lakini imani yake haijawa maarifa mpaka amewaona, na maarifa yake hayajatimia mpaka amewahesabu. Hesabu ina ukali ambao imani haina. Imani huridhika na dalili. Hesabu hudai shahidi kwa kila tarakimu. Ndiyo sababu katika elimu ya viumbe, kama katika biashara na katika hukumu, waliotangulia kusema kweli wamekuwa wengi, na walioithibitisha kwa kipimo wamekuwa wachache.

Mfano bora wa neno hili umo ndani ya seli za kuku. Huenda mwanafunzi wa lugha akaona ajabu kuongozwa mpaka bandani. Ajabu hiyo itaondoka akikumbuka kwamba katika kiini cha kila seli ya ndege mna maandishi, na kwamba kazi inayosimuliwa hapa ilikuwa kazi ya kusoma. Wataalamu walitafuta aya moja, iliyopachikwa na mkono mgeni, katika kitabu kikubwa ambacho hapana jicho liwezalo kukifungua. Mtu aliyepata kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, akashuku kwamba beti fulani si za mtunzi bali za mnakili, anaijua tabu hiyo tangu zamani. Anajua pia kwamba shaka yake, hata ikiwa na nguvu namna gani, haitoshi. Sharti aonyeshe ubeti umekaa wapi, umo katika nakala ngapi, na nakala zipi hazina.

Habari ya kuku ni ya zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908, Ellermann na Bang wa Copenhagen walionyesha kwamba ugonjwa wa damu wa kuku, wa jamaa ya saratani, waweza kuhamishwa kwa majimaji yaliyochujwa yasibakie na seli hata moja. Mwaka 1911, Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York alitangaza jambo la namna hiyo juu ya uvimbe. Kuku mmoja wa aina ya Plymouth Rock alikuwa na uvimbe kifuani. Rous aliusaga, akauchuja kwa chujio lisilopitisha seli wala bakteria, akawadunga kuku wazima maji yaliyopita. Nao wakaota uvimbe. Wengi hawakuona maana kubwa katika jambo hilo. Ilisemwa kuwa maradhi ya kuku ni ya kuku, na saratani ya watu ni jambo jingine. Rous alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baadaye, naye alikuwa na umri wa miaka 87. Ni bahati yake kwamba maisha yake yalikuwa marefu kuliko usahaulifu wa wenzake.

Kirusi cha Rous kilileta fumbo. Maandishi yake ya urithi hayakuwa DNA, kama ya kuku, bali RNA. Katika seli, RNA ni mjumbe: huandikwa, hutumwa, hutumika, kisha huharibika. Lakini seli iliyoguswa na kirusi hiki ilibadilika umbo, ikagawanyika, na watoto wake wakazaliwa na umbo lile lile, na wajukuu vivyo hivyo. Mjumbe apitaye njiani angewezaje kuacha urithi kama mwenye nyumba? Mwaka 1958, Howard Temin na Harry Rubin, huko California, walieleza njia ya kuhesabu seli zilizogeuzwa na kirusi katika sahani ya kioo: kila kirusi kilichofaulu kiliacha kichuguu kidogo cha seli, na vichuguu vilihesabika. Kisha Temin aliona kwamba namna moja ya kirusi ilizaa seli za mviringo na namna nyingine ilizaa seli nyembamba ndefu, na kila namna ikashika mila yake kizazi baada ya kizazi. Alihisi kwamba maandishi ya kirusi yamo katika urithi wa seli.

Mwaka 1964 Temin, ambaye wakati huo alikuwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, alisema neno lake wazi. Kirusi, alisema, hugeuza RNA yake kuwa DNA, na DNA hiyo hukaa katika seli kama sehemu ya mali yake ya urithi. Aliipa jina la provirusi. Dalili alikuwa nazo. Dawa iitwayo aktinomaisini D, ambayo huzuia DNA kunakiliwa kuwa RNA, ilizuia pia kuzaliwa kwa virusi vipya vya Rous. Na hilo lisingetokea kama DNA haikuwa njiani. Lakini wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ujumbe wa urithi huenda upande mmoja tu, toka DNA kuelekea RNA, kama maji yashukavyo mlimani. Kusema kwamba hupanda kulionekana ni kusema kinyume cha maumbile.

Temin alijaribu kupima. Katika mwaka ule ule wa 1964 alichukua RNA ya kirusi na kuichanganya na DNA ya seli zilizoambukizwa, aone kama zitashikana. Kwa kuwa uzi wa RNA hushikana na uzi wa DNA ikiwa tu maandishi yao yanaoana. Zilishikana, lakini kwa uchache, na tofauti baina ya seli zilizoambukizwa na zisizoambukizwa ilikuwa ndogo mno kuwashawishi wasioamini. Hapo ndipo mtu apasapo kusimama na kufikiri. Mtu huyu alikuwa na kweli mkononi, na mizani aliyokuwa nayo haikuweza kuipima. Je, kosa ni la nani? Si la mwenye kweli, wala si la wenye shaka. Mwenye shaka ana haki ya kudai kipimo, na mwenye kweli ana wajibu wa kukitafuta. Aibu ingekuwa kwa yule wa kwanza kama angekataa kipimo kilipokuja, na kwa yule wa pili kama angeacha kukitafuta.

Ugumu wenyewe wahitaji kutajwa kwa tarakimu. Maandishi ya urithi ya kuku yana herufi zipatazo bilioni 1. Maandishi ya kirusi cha jamaa hii yana herufi 7,000 na kitu, na cha Rous chenyewe 9,000 na kitu. Basi nakala moja ya kirusi katika seli ya kuku ni kama sehemu 1 katika sehemu laki moja au zaidi. Ni kama kutafuta ukurasa mmoja katika maktaba ya vitabu mia kadhaa, bila taa, kwa kupapasa. Tena palikuwa na kizuizi cha pili, ambacho Temin hakuweza kukiona mwaka 1964, na ambacho ndicho kiini cha insha hii. Kitatajwa mahali pake.

Mwaka 1970 mlango ulifunguka. Temin na Satoshi Mizutani huko Madison, na David Baltimore huko Massachusetts, kila upande kwa njia yake, walikuta ndani ya virusi vya namna hii kimeng'enya kinachoandika DNA kwa kufuata RNA. Matangazo yao mawili yalitoka pamoja katika toleo moja la jarida la Nature mwezi Juni. Maji yalikuwa yamepanda mlima mbele ya mashahidi. Virusi hivyo vikapata kuitwa retrovirusi, kwa kuwa huandika kinyumenyume. Na mwaka 1975 Temin na Baltimore, pamoja na Renato Dulbecco, walipewa Tuzo ya Nobel.

Walakini kuonyesha kwamba kirusi kina kalamu si kuonyesha kwamba kimeandika. Kimeng'enya kilipatikana katika chupa. Je, ndani ya seli provirusi ilikuwapo? Ilikuwa nakala ngapi? Ilikuwa imeungwa katika kromosomu, au ilielea kando kama karatasi iliyotiwa kitabuni pasipo kushonwa? Maswali haya yalihitaji kuhesabu, na kwa bahati njema kalamu iliyogunduliwa ndiyo iliyotoa chombo cha kuhesabia. Kwa kimeng'enya hicho wataalamu waliweza kutengeneza DNA ya kirusi nje ya seli na kuitia alama ya mionzi, iweze kufuatwa popote iendapo.

Njia ya kupima ilitegemea tabia moja ya DNA. Nyuzi zake mbili husokotana kwa kuoana herufi kwa herufi. Zikipashwa moto huachana; zikipoa hutafutana, kila uzi ukimtaka mwenzake na si mwingine. Mwaka 1968 Roy Britten na David Kohne walieleza kwamba mwendo wa kutafutana huko ni kipimo cha wingi. Mtu aliyepotezana na pacha wake sokoni atachelewa kumpata, kwa kuwa ni mmoja katika umati. Lakini kama mapacha wake wangekuwa 10, angempata mmojawapo upesi mara 10. Basi ikiwa DNA kidogo ya kirusi yenye alama itatiwa katika DNA nyingi ya seli iliyokatwakatwa na kupashwa moto, kisha ikaachwa ipoe, mwendo ambao nyuzi zenye alama hupata wenzi utaonyesha seli ina nakala ngapi za maandishi yale. Kipimo cha kulinganishia hutolewa na maandishi ya seli yenyewe, ambayo mengi yake yamo mara moja tu katika kila fungu la kromosomu. Wenye wenzi na wasio na wenzi hutengwa kwa unga wa haidroksiapataiti, madini ya jamaa moja na yale yafanyayo mifupa kuwa migumu: nyuzi pweke hupita, nyuzi zilizooana hunasa. Kisha mionzi ya kila fungu huhesabiwa. Mtu hakai kutazama DNA. Hukaa kutazama saa na hesabu.

Mwaka 1972 Harold Varmus na Michael Bishop wa San Francisco, pamoja na wenzao, akiwamo Robin Weiss, walitangaza vipimo vya namna hii katika seli za ndege. Jibu lilikuwa la kustaajabisha. Maandishi ya jamaa ya kirusi yalikuwamo katika seli za kuku walioambukizwa, kama ilivyotazamiwa. Lakini yalikuwamo pia katika seli za kuku wazima, ambao hawakuguswa na kirusi cha mtu yeyote.

Msomaji na alifikiri jambo hilo kama lilivyowakabili wapimaji. Katika kila kipimo cha haki pana upande wa pili wa mizani, ule ambao hutarajiwa kuwa mtupu. Seli zisizoambukizwa ndizo zilizokuwa upande huo. Mtu akikuta kitu mahali palipopaswa kuwa patupu, mawazo yake ya kwanza ni kwamba vyombo ni vichafu na kazi imeharibika. Hiki ndicho kizuizi cha pili kilichoahidiwa. Tofauti baina ya kuku waliougua na wazima ilikuwa ngumu kuonekana si kwa udogo wa provirusi peke yake. Ilikuwa ngumu kwa kuwa kuku wazima hawakuwa watupu. Mwenye kutafuta mgeni mmoja katika nyumba alikuwa hajui kwamba wenyeji nao ni wa ukoo wa mgeni.

Kumbe dalili zilikuwapo. Mwaka 1968 Payne na Chubb wa Uingereza walionyesha kwamba protini ya jamaa ya virusi hivi ilipatikana katika kuku fulani wazima, na kwamba ilirithiwa toka kwa wazazi kwa kanuni zile zile za Mendel zirithishazo rangi ya manyoya. Weiss naye alikuwa amekuta kwamba seli za kuku wazima huweza kumpa kirusi kilichopungukiwa ganda alilokosa, kana kwamba zilikuwa na akiba yake. Mwandiko wake juu ya jambo hilo ulikataliwa kwanza kwa sababu msomaji wa jarida aliona kuwa haliwezekani. Sasa hesabu ilikuwa imesema. Retrovirusi ilipata kuingia zamani sana katika seli za uzazi za mababu wa kuku, ikashonwa kitabuni, na tangu hapo imenakiliwa pamoja na kitabu, toka yai hata yai. Mgeni alikuwa mwenyeji.

Basi swali la kwanza lingejibiwa vipi? Ili kumwona mgeni sharti nyumba isiyo na ukoo wake. Nyumba hiyo ilipatikana kwa bata, na kwa kware wa Japani pia, ambao seli zao hazina maandishi ya jamaa ya kirusi cha Rous. Katika seli za bata upande mtupu wa mizani ulikuwa mtupu kweli. Mwaka 1973 Varmus, Bishop na Peter Vogt walionyesha kwamba baada ya maambukizo maandishi ya kirusi hutokea mahali yasipokuwapo kwanza, na kwamba yameungwa na DNA ya seli yenyewe. Walitumia hila nzuri. Nyuzi ndefu za DNA ya seli zikipashwa moto na kupoa kwa muda mfupi hutatizana zikawa kama wavu, na wavu huzama upesi katika mashine izungukayo kwa kasi. DNA ya kirusi ikiwa huru, kwa ufupi wake, hupita katika matundu na kubakia juu. Ikiwa imeshonwa, huzama pamoja na wavu. Ilizama. Mwaka uliotangulia, Miroslav Hill na Jana Hillová, wakifanya kazi Ufaransa, walichukua DNA ya seli za panya zilizogeuzwa na kirusi cha Rous, wakaitia katika seli za kuku, na virusi kamili vikatoka. DNA peke yake ilikuwa imebeba kirusi chote. Neno la Temin la mwaka 1964 halikuwa tena dhana.

Hesabu hizi zilizaa mafumbo mengine na majibu yake. Kirusi cha Rous kina jeni moja, iitwayo src, ambayo ndiyo iletayo uvimbe. Mwaka 1976 Dominique Stehelin, Varmus, Bishop na Vogt walitengeneza DNA yenye alama kwa jeni hiyo peke yake, wakaitafuta katika ndege wasio na kirusi. Waliikuta kwa kuku, kwa kware, kwa bata mzinga, kwa bata, na hata kwa emu wa Australia, ambaye jamaa yake na kuku ni ya mbali sana. Basi hapa mambo yaligeuka. Aya iliyodhaniwa ni ya mgeni ilikuwa ya kitabu tangu awali; mgeni ndiye aliyeinakili akaondoka nayo. Saratani haikuletwa na kirusi toka nje kama sumu. Ilikuwa jeni ya mwenyeji iliyochukuliwa ikarudishwa pasipo adabu yake. Bishop na Varmus walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Ni ajabu ya kipimo kile kile: mara ya kwanza kilionyesha mgeni kuwa mwenyeji, na mara ya pili kikaonyesha mali ya mwenyeji mikononi mwa mgeni.

Baada ya mwaka 1975, Edwin Southern wa Edinburgh alipotoa njia ya kuzipanga kwa urefu nyuzi zilizokatwa na kuzitambua moja moja, hesabu ilipata anwani. Haikutosha tena kusema kuku huyu ana nakala nne au tano. Iliwezekana kusema kila nakala imekaa wapi. Mwaka 1978 Susan Astrin alianza kuzipa namba katika kuku weupe wa aina ya Leghorn: ev1, ev2, na kuendelea. Ilionekana kuwa kuku na kuku hutofautiana, kama miswada itofautianavyo, na mwaka 1979 ilitangazwa kwamba kuku asiye na hata nakala moja kati ya hizo huishi. Hakuna aliyemhitaji mgeni huyo. Mwaka huo huo uchunguzi wa ndege wa jamaa ya kuku ulionyesha kwamba mgao wa maandishi haya haulingani na mti wa nasaba yao. Maana yake yaliingia baada ya matawi kuachana, si katika shina.

Hata hivyo wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Baadhi ya wageni hawa wamepewa jembe, au wamelishika wenyewe. Nakala iitwayo ev21 huandamana na jeni ya kuchelewa kuota manyoya, ambayo wafugaji huitumia kuwatenga vifaranga wa kike na wa kiume siku ile ile ya kuanguliwa. Kuku wa Araucana wa Chile hutaga mayai ya buluu, na baadhi ya kuku wa Uchina vilevile. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chanzo ni retrovirusi iliyojipachika kando ya jeni moja, mara moja katika upande huu wa dunia na mara nyingine katika upande ule. Mkono ule ule wa mnakili ukikosea huleta msiba. Mwaka 1981 Hayward, Neel na Astrin walionyesha kwamba kirusi kikijipachika karibu na jeni iitwayo myc katika seli za kuku, huiamsha kupita kiasi, na saratani hufuata. Kwa hiyo swali la mahali halikuwa la udadisi mtupu. Idadi husema mgeni yupo. Mahali husema atafanya nini.

Njia za leo ni nyepesi kuliko zile za unga wa mifupa na nyavu. Kwa PCR, kipande kidogo cha DNA huzidishwa maradufu tena na tena mpaka kionekane. Lakini wepesi una mitego yake. Baada ya maambukizo, sehemu kubwa ya DNA ya kirusi katika seli bado i huru, ikiwa nyuzi nyoofu au pete, na nyingi yake itaharibika bila kushonwa popote. PCR isiyo na akili huhesabu zote sawa, kama mtu ahesabuye wapita njia kuwa raia. Kwa hiyo kianzio kimoja huwekwa katika ncha ya kirusi, na cha pili katika maandishi ya seli yaliyorudiwa mara nyingi katika kromosomu. Kwa binadamu ni yale yaitwayo Alu. Kwa kuku hufaa CR1, yaliyotapakaa kwa maelfu mengi. DNA iliyo huru haina jirani wa namna hiyo, nayo haizidishwi maradufu. Walakini kirusi kilichokaa mbali na CR1 nacho huponyoka, na mpimaji sharti asahihishe hesabu kwa seli ambazo idadi yake yajulikana. Namna nyingine huigawa DNA katika matone madogo yapatayo 20,000, kisha huhesabu matone yaliyowaka na yasiyowaka, na kutoka katika mlingano huo hutoa idadi. Namna zote zina sharti moja, lile lile la mwaka 1972: mjue kwanza mwenyeji, ndipo umhesabu mgeni.

Haya yote yangalikuwa elimu ya kuku tu kama pasingalitokea UKIMWI. VVU ni retrovirusi. Hujiandika katika kromosomu za seli za kinga za binadamu kama kile cha Rous kijiandikavyo katika seli za kuku, na zidovudini, dawa ya kwanza iliyoidhinishwa dhidi yake mwaka 1987, hulenga kimeng'enya cha namna ile iliyogunduliwa mwaka 1970. Kimeng'enya kingine, kile kinachoshona DNA ya kirusi katika kromosomu, kilianza kuchunguzwa kwa virusi vya ndege katika miaka ya 1970. Dolutegraviri, kidonge wanachomeza kila siku watu wengi wanaoishi na VVU katika Kenya, Uganda na Tanzania, huizuia sindano hiyo isishone. Lakini kidonge huzuia kushona kupya. Hakifumui kilichokwisha kushonwa. Ndiyo sababu mgonjwa hupaswa kuendelea, na ndiyo sababu kila ahadi ya ponyo kamili huulizwa swali lile lile la zamani: zimebaki provirusi ngapi?

Na hapa pia tarakimu huhitaji busara. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyingi ya provirusi zilizobaki kwa wagonjwa wanaotumia dawa ni mbovu, zimekatika au zimeharibika, haziwezi kuzaa kirusi. Mwenye kuhesabu zote huona adui wengi kuliko walio hai; mwenye kuhesabu zile tu ziamkazo chupani huona wachache kuliko walio tayari kuamka. Kweli imekaa katikati, na kipimo cha kuifikia bado hutafutwa. Mtu aliye kitandani hana haja na idadi kubwa wala ndogo. Ana haja na idadi ya kweli.

Mwenye kusoma kisa hiki ataweza kukipeleka katika kazi yake, iwe ni maabara au maktaba. Jambo la kutilia shaka zaidi si lile lililoonekana mahali lilipotazamiwa, bali upande ule wa mizani uliodhaniwa kuwa mtupu bila kutazamwa. Mhariri aonaye ubeti wa ajabu katika nakala moja, akauita wa mnakili, hajamaliza kazi mpaka amezifungua nakala zote alizoziona kuwa safi. Huenda akaukuta humo. Huenda akakuta kwamba mtunzi ndiye aliyeutunga, na mnakili aliukosesha vina. Seli za kuku ziliwafundisha wataalamu adabu hiyo kwa gharama ya miaka mingi. Kweli yaweza kutangulia kipimo, na mara nyingi hutangulia. Lakini kipimo kikija kwa uaminifu, hakileti kweli ile tu iliyongojewa. Huja pia na ile ambayo hakuna aliyeifungulia mlango, nayo huketi, hula, na mwisho hushika jembe.